Jumamosi za Mama Mikate

Nilipochaguliwa kusoma shahada ya fasihi ya Kiingereza, nilikuwa nimefundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka mingi pale Maramba, na sikuwa nimewahi kumaliza riwaya hata moja ya Kiingereza. Watu hawaamini nikisema hivyo. Wanadhani mwalimu wa Kiingereza anaamka na kitabu na kulala na kitabu. Mimi nilikuwa naamka na chaki. Nilijua vizuri wakati uliopo na wakati uliopita, nilijua kumfundisha mtoto wa darasa la tatu ataje jina lake na la kijiji chake bila kujikwaa, lakini hadithi nene kama tofali ilikuwa kitu cha kuona kwa mbali, kwenye kabati la ofisi lenye kufuli.

Taarifa ya kuchaguliwa iliingia kwenye simu mchana. Mume wangu alikuwa shambani kwenye michungwa, nikamfuata huko huko. Aliusoma ujumbe, akafuta miwani kwa pindo la shati, akausoma tena.

"Sasa hii fasihi," akasema, "ni kusoma hadithi?"

"Kuzisoma na kuzieleza."

"Kuzieleza unaweza. Shughuli iko kwenye kuzisoma."

Hakuwa ananitania. Tumeishi pamoja muda mrefu na anajua kwamba nikikaa chini na kitabu, macho yanafumba yenyewe. Mwili wangu umezoea kwamba kukaa ni kupumzika. Nikisimama nafundisha kutwa nzima sichoki, nikikaa, nalala.

Wiki ile ile nikaenda Tanga mjini kumwona mwalimu wangu wa sekondari. Alikuwa amestaafu, anaishi Raskazone na familia ya mdogo wake, kwenye moja ya zile nyumba kubwa za zamani zenye baraza pana na madirisha marefu. Alinifundisha Kiingereza nikiwa binti, na ndiye aliyenisukuma miaka yote hii niombe chuo. Nilimkuta barazani, baibui limetundikwa kwenye msumari, paka mmoja amelala juu ya kamusi na mwingine juu ya miguu yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa, vizuri, huko utakonda."

Akaniambia hali halisi bila kunipaka mafuta. Chuoni, alisema, sitapewa sura moja nikae nayo wiki nzima kama tulivyokuwa tunafanya naye. Nitapewa kitabu. Wiki inayofuata, kitabu kingine. Na nikiwa nasoma hicho, nitakuwa naandika insha juu ya kile kilichopita, na huku nakimbizana na wenzangu kukipata kile kinachokuja, kwa sababu maktaba itakuwa na nakala chache na darasa ni kubwa.

"Kwa hiyo usingoje ufike kule ndiyo uanze kujifunza kukimbia," akasema. "Anza sasa hivi, nyumbani."

Alimwinua paka wa miguuni taratibu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa vitabu. Akanipa na masharti. La kwanza, nisishike kamusi mpaka nimalize sura. Neno nisilolijua nilipite kama mtu nisiyemjua njiani. Likirudi mara tatu tutafahamiana. La pili lilinishangaza zaidi. Kila wiki nimtafute mtu wa kumsimulia nilichosoma.

"Usipoweza kumsimulia mtu mwingine akaelewa, hujasoma. Umepitisha macho tu."

"Nimsimulie nani, mwalimu? Mume wangu akila tu, yuko kitandani."

"Maramba nzima hakuna mwenye masikio?"

Nikaondoka na mfuko wangu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa habari ya mjane mwenye duka la mikate katika mji mmoja wa baridi kali Ulaya. Jioni ya kwanza nilisoma ukurasa mmoja na nusu nikalala na kitabu kifuani. Ya pili nikabadili mahali, nikaweka kiti uani, kwenye mwanga. Hapo tatizo likawa lingine. Kila aliyepita njiani aliniona nimekaa mchana bila jembe, bila ungo, bila mtoto mgongoni, akaingia kuuliza kulikoni. Jirani yangu, mwanamke wa Kidigo aliyeolewa Maramba kutoka Moa, alinitazama siku mbili mfululizo, ya tatu akaja na bakuli la uji wa pilipili manga.

"Kunywa shoga yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Umeanza lini kuumwa?"

Nikamwambia siumwi, nasoma.

"Kusoma gani huko, mtu mzima, na shule umefunga saa nane?"

Nikamweleza habari ya chuo, na ya vitabu, na ya mwalimu wangu wa Raskazone na masharti yake. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Haya, na hicho kinasema nini?"

Nilifunua kurasa nikitafuta la kumwambia. Nilikuwa nimepitisha macho tu. Nikamwambia aje Jumamosi.

Ilikuwa msimu wa kupukuchua mahindi. Jumamosi mchana wanawake wanne watano hukusanyika uani kwangu, kwa sababu uwanja wangu una kivuli na wifi yangu, dada yake mume wangu, anapenda kufanya kazi penye watu. Wifi ana duka dogo la vyakula pale sokoni, hajaolewa, na ni mtu wa maneno makali na moyo laini. Jirani alikuwa ameshawaambia wote kwamba kuna hadithi. Nilisoma juma lile kama mtu anayedaiwa mtihani. Nilisoma chai ikichemka, nilisoma nikingoja darasa la pili wamalize kunakili ubaoni. Kamusi niliiweka juu ya kabati, mbali na mkono.

Jumamosi ilipofika, nikaanza. Jina la yule mjane lilikuwa gumu, kila mmoja akilitamka kivyake, mpaka wifi akakata shauri aitwe Mama Mikate. Kulikuwa na mwanamume aliyekuja mjini kupima mahali pa kujenga daraja, akapanga chumba juu ya duka lake. Huyo wakamwita Mpimaji. Kulikuwa na mdogo wake Mama Mikate, binti mvivu mwenye nywele nzuri, anayelala mpaka jua liwake. Yeye hakupewa jina. Wakimtaja walikuwa wanasonya tu, na kila mtu alijua anasemwa nani.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo makubwa, upweke wa mwanadamu na mengine ya namna hiyo. Wao walitaka kujua theluji ikianguka nguo zinaanikwa wapi. Walitaka kujua Mpimaji analipa kodi kwa wakati au anazungusha. Jirani akauliza kama Mama Mikate ana mama yake mzazi, na kama anaye, mbona haji kumtazama. Maswali mengine sikuyaweza. Nikasema nitaangalia, na kweli nikarudi kwenye kurasa nilizokwisha kuzisoma, na majibu yalikuwemo. Mama yake alitajwa, mara moja, katika sentensi fupi ambayo nilikuwa nimeiruka.

Baada ya hapo sikuwa na uhuru tena. Nikienda sokoni, wifi ananisimamisha mbele ya wateja: "Mpimaji amekwishamwambia?" Nikipita kwa jirani kuomba moto, naulizwa hali ya Mama Mikate kama ninavyoulizwa hali ya watoto. Siku moja nilichelewa kumaliza sehemu yangu, nikajaribu kuwasimulia kwa kubahatisha. Wifi aliacha gunzi likaanguka kwenye ungo, akanitazama.

"Hapo hukusoma," akasema. "Juzi ulisema amefunga duka kwa ajili ya ugonjwa, leo anauza."

Nikakubali kwamba sikusoma. Waliendelea na kazi bila kunisemesha, wakazungumza bei za mbolea mpaka jua likashuka. Sijawahi kuadhibiwa namna ile tangu nikiwa mwanafunzi. Sikuchelewa tena.

Mume wangu naye alikuwa na mambo yake. Jumamosi alikuwa anakumbuka mpini wa jembe unaotakiwa kurekebishwa, na mahali pazuri pa kuurekebisha palikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hatua chache kutoka kwetu. Mpini ule ulichongwa Jumamosi nyingi mpaka ukakaribia kuwa mwiko. Siku za katikati ya juma alianza kuchukua kazi zangu bila kutangaza. Nilirudi siku moja nikakuta ameshapika ugali. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba watoto walicheka, lakini kilichobaki cha mchana wangu kilikuwa cha kitabu, na nilikula ugali ule kwa shukrani.

Bila mimi kujua ni lini hasa, macho yaliacha kufumba. Jioni moja nilikuwa nimekaa kizingitini, nikafika mahali ambapo Mpimaji anajaribu kukanda unga ili kumsaidia Mama Mikate, na unga unamganda mpaka kwenye nyusi, na mteja anaingia akidhani ni mzimu. Nikacheka kwa sauti. Mume wangu akatoka ndani kutazama ninacheka na nani. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimecheka kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kwanza kulipeleka kwenye Kiswahili na kulirudisha. Miaka yote ya kufundisha lugha ile haikuwahi kunipa furaha kama hiyo.

Basi tukafika mwisho. Mpimaji amemaliza kazi ya daraja, amerudi mji mkubwa, amemwomba Mama Mikate amfuate. Mama Mikate amempa mdogo wake ufunguo wa duka, bila kusema ni wa siku moja au wa maisha. Amekwenda kituo cha treni, amesimama na sanduku. Treni inaingia. Mlango unafunguka. Mkono wake uko kwenye mshikio wa sanduku. Nukta. Nikafungua ukurasa unaofuata nikakuta mweupe.

Niliwasimulia hivyo hivyo, kisha nikakifunga kitabu. Wakangoja.

"Endelea," akasema wifi.

"Kimekwisha."

"Kimekwishaje? Amepanda hakupanda?"

"Hakijasema."

Jirani akajifuta mikono kwenye kanga, akakichukua kitabu, akakigeuza, akakikagua mgongoni. Ni kweli gundi ilikuwa imeachia na nyuzi zinaonekana. "Kimechanika hiki," akasema. "Mwisho umedondoka. Tazama wenyewe." Kikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliona mahali pake ambapo ukurasa ulikuwa umetoka. Mimi mwenyewe, sifichi, nilikuwa nimewaza hivyo hivyo tangu jana yake. Tukakubaliana niende Tanga kumwona mwenye kitabu, na wifi akanikabidhi machungwa ya kumpelekea ili asikasirike akidhani sisi ndio tuliokichana.

Nilimkuta mwalimu wangu jikoni, amebandika wali. Nikamwamkia, nikampa machungwa, nikamweleza shida iliyonileta. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza.

"Hakuna kilichochanika, mwanangu. Ndio mwisho."

"Mwisho gani huo, mwalimu?"

"Ndio mwisho wake. Mwandishi ameona hapo panatosha."

Nikamwambia kwamba hapatoshi. Nilikuwa nimekaa na mwanamke yule msimu mzima, nimeacha kulala kwa ajili yake, wanawake wanne wa Maramba wananingoja, haiwezekani niachwe kituoni. Mwalimu wangu akavuta kiti.

"Wewe unaona alifanya nini?"

"Alipanda."

"Kwa nini?"

"Ametoa ufunguo. Mtu hatoi ufunguo kwa mtu mvivu vile kama anarudi jioni."

"Mimi nasema hakupanda. Miaka yote nasema hakupanda. Sura nzima kabla ya hapo, mwandishi hajamwonyesha akiaga hata mteja mmoja. Mtu gani anahama mji bila kuaga?"

"Anayeogopa kwamba akiaga atabaki."

"Hilo umelisoma wapi? Nionyeshe mstari."

Nikafungua kitabu. Naye akaleta miwani yake ya pili, ile ya kusomea. Tulikaa pale tukibishana, kurasa zinakwenda mbele na kurudi nyuma, yeye anagonga meza kwa kidole kama zamani darasani, nami kwa mara ya kwanza maishani namjibu mwalimu wangu hapana, sikubali. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Tulishtushwa na harufu. Wali ulikuwa umeungua, si ukoko tu, sufuria nzima, na mdogo wake alikuwa anarudi kula.

"Umeona," akasema akifungua dirisha kutoa moshi. "Haya ndiyo mtakayokuwa mnafanya huko. Ila wenzenu watakuwa wamekula."

Tukakata machungwa, tukamnunulia mdogo wake mkate wa dukani.

Jumamosi iliyofuata nikatoa taarifa uani. Kitabu hakijachanika. Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo. Kisha jirani akasema kwamba kwa upande wake haoni shida, Mama Mikate alipanda.

"Siku naondoka Moa kuja huku, mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka sitaondoka. Huyu naye umesema hakugeuka. Au aligeuka?"

Nikatazama. Kitabu hakikusema kwamba aligeuka.

"Basi alipanda," akasema jirani, akachukua gunzi jingine.

Wifi akatikisa kichwa. "Wewe ulikuwa unakwenda kwa mume, na nyuma hukuacha duka. Huyu duka amelijenga kwa mikono yake. Mimi nilifuatwa mara mbili na mwanamume mwenye heshima zake, wa Korogwe, na sikumchukia. Nilifika mpaka stendi na begi. Nikarudi nikafungua duka, nikauza sukari." Alisema bila huzuni, kama mtu anayeeleza njia. "Mama Mikate naye alirudi dukani. Mnamwona tu."

Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua habari ya begi na stendi, hata mume wangu, kaka yake wa tumbo moja. Nyuma ya jiko kisu kilikuwa kimeacha kuchonga. Halafu sauti ya mume wangu ikatoka kule kule:

"Mnabishana, treni yenyewe imeshaondoka."

Tukacheka wote, wifi akicheka kuliko sisi, mpaka akapaliwa. Alipotulia akanigeukia mimi.

"Na wewe, wifi? Ukienda huko Dar chuoni, utarudi?"

"Likizo ya kwanza tu nitakuwa hapa."

"Haya," akasema. "Sisi tunauliza tu."

Nilikwenda chuo mvua za vuli zilipoanza. Mwalimu wangu hakunidanganya: kitabu kilikuja kila wiki, na wiki nyingine viwili. Wanafunzi wenzangu walikuwa rika la mwanangu wa kwanza, wakaniita mama, na walisoma haraka kuliko mimi. Lakini sikulala juu ya kitabu, na kwenye semina, mhadhiri alipouliza nani amefika mwisho, mkono wangu ulikuwa juu.

Insha yangu ya kwanza ilirudi na alama za kawaida tu. Mhadhiri alikuwa ameandika pembeni kwamba nasimulia mno na sichambui. Nilisikitika siku mbili, kisha nikampigia mwalimu wangu Raskazone. Akaniuliza kama nimeonyesha mstari. Nikasema nimesimulia hadithi yote vizuri, mwanzo hadi mwisho. "Hadithi mhadhiri anaijua," akasema, "ameisoma kabla hujazaliwa. Mwambie unabishana naye wapi, na kwa mstari gani." Insha ya pili niliiandika nikiwa na picha ya jiko lile na moshi wake kichwani, na ilirudi na alama nzuri, pamoja na maelezo kwamba sasa nimezidi ukali.

Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda nyuma ya bweni, penye ngazi, nampigia wifi. Yeye anaweka simu kwenye kipaza sauti, anaiegemeza kwenye gunia, nami nasimulia kitabu cha juma. Vingine walivipenda kuliko mhadhiri alivyovipenda. Mwaka wa kwanza nilifaulu masomo yote. Wa pili tukaanza na riwaya ya mwanajeshi mmoja mwenye majivuno, asiyesikiliza mtu, anayezungumza na farasi wake kurasa na kurasa. Walivumilia Jumamosi mbili. Ya tatu jirani akasogea karibu na simu, nikamsikia vizuri.

"Shoga, huyu mwanamume achana naye."

Nikawaambia siwezi kuachana naye, yuko kwenye mtihani. Wakashauriana kule kwa sauti za chini. Kisha wifi akasema basi nimsome upesi upesi, peke yangu, na wao wasubiri kitabu kinachofuata.